Signal kwa kundi letu la wauza dagaa, soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza

Kundi letu la zamani la simu lilikuwa kama makundi mengine, namba ya kila mtu inaonekana. Mwanamke akieleza kwamba mwenye mtumbwi anamtaka kimapenzi ndipo ampe dagaa, kesho yake ameshaanza kupigiwa na watu asiowajua. Akina mama wakanyamaza, zikabaki salamu za asubuhi na michango ya harusi. Tukahamia Signal, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, na wenzetu wa Sengerema na Ukerewe wanaoniuliza inafaaje, majibu yangu ni haya.

Kilichonivutia kuliko vyote ni namba. Kujisajili lazima uwe nayo, ila tangu 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji, na asiye na namba yako kwenye simu yake haioni. Mama mmoja kundini anajiita Furu. Zamani hakutoa neno. Sasa anatuma sauti ndefu kwa Kisukuma, anataja mtumbwi na alichoambiwa. Sauti zinatusaidia sana maana wengi wetu kuandika ni kazi.

Halafu kuna ujumbe kujifuta. Tumeweka saa 24, kwa sababu wapo waume wanaokagua simu usiku. Lakini hapa kuweni macho, jamani: ujumbe ukijifuta, na ushahidi umekwenda. Mama akitishiwa kusambaziwa picha zake za utupu, Dawati la Jinsia polisi watamuuliza ujumbe uko wapi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itamsaidia nini akienda mikono mitupu? Tumekubaliana kwamba kitisho kikiingia tu, unapiga skrinshoti inayoonyesha tarehe na mtumaji, unamtumia katibu aitunze, ndipo unaacha kijifute. Hili naliona muhimu kuliko programu yenyewe.

Ni ya bure, haina matangazo, na inaendeshwa na taasisi isiyofanya biashara. Shida ni bando. Lile la mitandao ya kijamii ninalonunua mimi haliihusu, kwa hiyo inakula MB za kawaida. Usiku wa giza, karabai zikiwaka ziwani na sisi tukisubiri mitumbwi ya alfajiri, ndipo maongezi yanapopamba moto na bando linakata. Zimeni video zisijipakue zenyewe, inapunguza.

Kiungo cha kujiunga nacho tumekizima. Mgeni analetwa na mwanachama anayemjua kwa sura, admini ndiye anamwingiza.