Mashamba ya kushika wanyama na makao ya wanyama waliookolewa: wapi panafaa kupeleka watoto

Niseme mapema kabisa kabla hujasoma mengine: shamba zuri la kushika wanyama, yaani lile ambalo watoto wanaruhusiwa kuwagusa na kuwalisha, nalipatia nyota nne kati ya tano, makao ya kweli ya wanyama waliookolewa nayapa zote tano, na ile aina ya tatu, banda la wanyama waliochoka lililopakwa rangi za kuvutia nje, hata nyota moja siipi. Shida ni kwamba mtandaoni zote tatu zinafanana. Mtoto anacheka, mwanambuzi mweupe, majani ya kijani, basi umeshashawishika. Kwa hiyo wazazi wenzangu naandika hapa vitu ninavyoviangalia tukifika, ili na we ukiwa getini na watoto wanakuvuta mkono ujue unalipia nini.

Nikiingia tu macho yangu yanatafuta mahali pa mnyama kujificha. Yaani kuna kibanda, jukwaa la juu, au uzio wenye tundu ambalo mbuzi anapita na mtoto hapiti? Kama lipo, na wahudumu hawamruhusu mtu yeyote kumfuata mnyama kule ndani, hapo natulia moyo, najua mwenye shamba anaelewa kwamba mbuzi naye anachoka na watu. Kama hamna, kama ni kiboma kidogo watoto wamejaa kila kona na wanyama wanazungukazunguka ukutani, mi ndo hapo natoka, hata kama tiketi tumeshakata. Mnyama asiye na pa kwenda ndo anayepiga kichwa, anayeuma, anayerusha teke, halafu lawama zinamwangukia yeye.

Mbuzi ndo wenyeji wa karibu kila shamba la aina hii na kwa kweli wanastahili. Hawana aibu, wanakuja wenyewe, wanakutazama usoni. Mboni zao ni za mstatili uliolala, zinamwezesha kuona eneo pana sana pembeni bila kugeuza kichwa, na mtoto ukimwonyesha hilo akiwa amesimama hatua chache kutoka kwa mbuzi mwenyewe atakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye bembea. Mwonyeshe pia mdomo: mbuzi na kondoo hawana meno ya mbele juu, wana ufizi mgumu tu, ndo maana akilamba chakula kiganjani unahisi midomo laini inayokimbia. Ila magego ya nyuma yapo na yanasaga, kwa hiyo vidole visiingizwe mdomoni. Kwa punda na farasi hali ni tofauti kabisa, wale wana meno ya mbele juu na chini, kiganja kinatakiwa kiwe kimenyooka na kidole gumba kimebanwa pembeni.

Na wanakuelewa kuliko unavyodhani. Mwaka 2018 ilitoka ripoti ya utafiti uliofanyika kwenye makao ya mbuzi yanayoitwa Buttercups huko Kent, Uingereza, mbuzi 20 walionyeshwa picha za sura za watu, moja yenye tabasamu na nyingine yenye hasira, wakawa wanaielekea zaidi ile yenye tabasamu. Kondoo nao, utafiti uliotolewa 2001 ulionyesha wanaweza kukumbuka sura 50 za kondoo wenzao kwa miaka miwili. Watoto nikiwaambia hivi kabla ya kuingia wanabadilika kabisa, sauti zinashuka, mikono inatulia, wanaanza kuwasalimia wanyama kama watu wenye nyumba yao. Jaribu, utaona.

Sasa kona inayonitia uchungu kila mara ni ya sungura na vifaranga. Mashamba mengi yanaiweka mbele kabisa kwa sababu ni wadogo na wanapendeza, lakini sungura ni mnyama wa kuwindwa, kunyanyuliwa juu kwake ni sawa na kubebwa na mwewe. Akitulia kimya mikononi mwa mtoto watu wanasema amependa, kumbe mara nyingi ameganda kwa woga. Mifupa yake ni myepesi na miguu ya nyuma ina nguvu nyingi, akijitupa vibaya anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Shamba linalojua kazi yake linamkalisha mtoto chini, sungura anabaki sakafuni au kwenye sanduku lenye milango miwili, anakuja akitaka. Nikikuta foleni ya watoto wanapokezana sungura yuleyule kwa ajili ya selfi napunguza nyota bila kufikiria mara mbili.

Chupa za maziwa pia ziangalie. Mwanakondoo anatakiwa anywe akiwa amesimama kwa miguu yake, kichwa kimeinuka kidogo, ukimlaza chali kama bebi maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Na haiwezekani anyweshwe na kila mgeni anayefika, tumbo linajaa gesi, ndo maana sehemu nzuri zina saa maalum za kunyonyesha na mhudumu anashika hesabu. Hivyohivyo vikopo vya nafaka wanavyouza getini, mbuzi akila nafaka nyingi kwa siku tumbo lake linachacha na linaweza kumuua. Mahali ambapo wanakwambia "chakula cha leo kimeisha, njoo mapema wakati mwingine" msikasirike, hao ndo wanaojali.

Usafi nitausema kwa urefu kidogo maana nimeona wazazi wengi wanauchukulia kirahisi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaweza kubeba bakteria aina ya E. coli O157 tumboni wakiwa wazima kabisa, hawakohoi, hawaharishi, wanang'aa. Kwa mtoto mdogo bakteria huyo anaweza kuharibu figo. Mwaka 2009 shamba moja la wazi kwa familia huko Surrey, England, lilisababisha watu 93 kuugua, wengi wao watoto, na wapo waliolazwa wakiwa na shida ya figo. Sisemi hivi kumtisha mtu asiende, mi naenda na nitaendelea kwenda, nasema ili ujue kwa nini sinki la kunawia ni muhimu kuliko bembea na kuliko duka la zawadi. Maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 20, mzazi anasimama pale pale anaangalia. Sanitaiza haitoshi, kuna kimelea kinaitwa cryptosporidium ambacho sanitaiza ya alkoholi haikiui, na mikono yenye tope inaifanya isifanye kazi hata kwa vijidudu vingine.

Kwa hiyo naangalia sinki liko wapi. Likiwa mlangoni kwenye njia ya kutokea, liko chini kwa urefu wa mtoto, na sehemu ya kulia chakula iko mbali baada ya sinki, hilo shamba limepangwa na mtu mwenye akili. Likiwa limefichwa nyuma ya choo na meza za chakula ziko katikati ya wanyama, ondokeni na njaa zenu mkale kwingine. Chuchu bandia, chupa ya mtoto, mwanasesere wa kutafuna, vyote vibaki kwenye gari. Vifaranga hubeba salmonela, watoto chini ya miaka 5 wawatazame tu. Na dada zangu wajawazito, msimu kondoo wanazaa msiende karibu nao kabisa, kuna maambukizi kwenye kondo la nyuma na majimaji ya uzazi ambayo yanaweza kuharibu mimba. Viatu msiingie navyo ndani mkirudi nyumbani.

Haya tuje kwenye makao ya wanyama waliookolewa. Hapa mtoto atashika kidogo, pengine hatashika kabisa, na kuna watoto watalalamika nusu saa ya kwanza. Vumilieni. Kinachopatikana hapa hakipo kule kwingine: wanyama wazee. Mashamba ya kushika wanyama yanaonyesha watoto wa wanyama, kila msimu wapya, na mtoto wako anaondoka akidhani nguruwe ni kitu cha kupakata. Halafu unampeleka kwenye makao, anamkuta nguruwe mtu mzima wa kilo zaidi ya 200 amelala kwenye tope kwa sababu hatoki jasho la kumpoza na tope linamkinga na jua, anapumua unaisikia pumzi yake kutoka nje ya uzio. Nguruwe wa nyama kwa kawaida huchinjwa akiwa na miezi 6 hivi, anayeachwa aishi anaweza kufika miaka 15 na zaidi. Kuku wa mayai wanaondolewa mabandani wakiwa na mwaka na nusu hivi, mayai yakipungua, wakati wangeweza kuishi miaka mingi mbele. Punda anaweza kupita miaka 30. Mtoto wa miaka 8 akigundua kwamba punda aliye mbele yake ni mkubwa kuliko mama yake mdogo, maswali yatakayofuata hapo ni mazuri sana, na mengine magumu, hasa ya nyama. Jibuni kwa ukweli tu, kila familia na jibu lake, ila msimdanganye mtoto mbele ya mnyama.

Sehemu za aina hii zipo za muda mrefu. The Donkey Sanctuary ya Devon, Uingereza, ilianzishwa 1969 na Elisabeth Svendsen, Farm Sanctuary ya Marekani ilianza 1986. Kwa wanyama pori, Sheldrick Wildlife Trust ya Nairobi, iliyoanzishwa 1977, imejulikana kwa kulea tembo yatima, na utaratibu wa wageni wa kawaida pale umekuwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano mpaka saa sita mchana, basi, baada ya hapo tembo wanarudi porini na walezi wao. Watu wanalalamika kwamba muda ni mfupi, mi naona hiyo saa moja ndo inaniambia pale wanalelewa tembo, wageni wanakaribishwa tu.

Ila neno "makao" au "hifadhi" kwenye kibao halithibitishi kitu, mtu yeyote anaweza kuliandika. Kule Thailand kulikuwa na hekalu la watawa wa Kibuddha lililojulikana duniani kote, wageni wanapiga picha na chui milia, wanaambiwa ni wanyama waliookolewa. Mwaka 2016 serikali ilipoingia iliwatoa chui milia zaidi ya 130 na kwenye friza ikakuta miili ya watoto 40 wa chui milia. Arobaini jamani. Marekani ilikuja kupitisha sheria Desemba 2022 inayozuia umma kuwashika simba, chui milia na wenzao, wakiwemo watoto wao, kwa sababu biashara ya kupakata watoto inahitaji watoto wapya kila baada ya miezi michache, na wale waliokua hawana kazi tena. Kwa hiyo sheria yangu ya familia iko wazi: mbuzi, kondoo, punda, tunashika wakitaka. Simba, nyani, mvivu (yule mnyama wa polepole anayening'inia mitini), bundi aliyefungwa kamba mguuni, hatushiki, hatupigi nao picha, hata bure. Makao ya kweli hayawazalishi wanyama kwa ajili ya maonyesho, hayawauzi, na wanyama pori hayawapitishi mikononi mwa wageni. Lipo shirikisho la Global Federation of Animal Sanctuaries, la tangu 2007, linalokagua na kutoa ithibati, ukikuta jina lake pahali si vibaya kuliangalia kwenye orodha yao wenyewe badala ya kuamini kibao.

Umri nao tuuseme. Chini ya miaka 3 mtoto hafaidi sana zaidi ya kuweka mikono mdomoni, nenda naye kama unamsindikizia kaka yake. Miaka 4 hadi 7 shamba la kushika ndo mahali pake, asubuhi mapema wanyama wakiwa bado hawajachoka na jua halijawa kali, saa mbili zinatosha. Kuanzia 8 mpeleke kwenye makao, tena uulize kama kuna siku za kujitolea, maana mtoto akipewa reki na toroli ya kuzolea mavi anajiona mtu muhimu kuliko akipewa kikopo cha chakula. Bibi na babu nao waje, ila ulizeni njia kama inapitika kwa kigari, sehemu nyingi ni tope tupu. Anayeogopa asilazimishwe, aachwe nje ya uzio anaangalia, hiyo nayo ni matembezi.

Na kabla ya kulipa, muulize mhudumu swali moja kwa upole: hawa wadogo wa mwaka jana sasa hivi wako wapi? Akikuonyesha kwa kidole, wale pale chini ya mti, yule mwenye pembe iliyopinda ndo alikuwa ananyweshwa chupa msimu uliopita, kata tiketi. Akisema waliuzwa kwa mfugaji au waliingia kwenye nyama na akakuambia bila kuficha, hapo ni uamuzi wenu kama familia, angalau mmeambiwa ukweli. Akigugumia, au akikuambia kaulize ofisini na ofisini hamna mtu, rudisheni watoto kwenye gari.