Kanzu tatu na kofia moja kwa dobi wa mashine

Miezi napita mbele ya duka hili la dobi, upande wa nyuma wa majumba ya Michenzani, wala sijawahi kuingia. Haja sina. Nyumbani kuna mashine ya kufulia, kuna pasi, na mie mwenyewe, kama mtakavyoona hapa chini, si mtu wa kufundishwa kupiga pasi. Lakini mpwa wangu anaoa, akdi Ijumaa baada ya Alasiri, mashine imekufa Jumapili, na nilipotaja beseni mama watoto alinitazama tu, hakusema kitu. Jumanne asubuhi nikafunga kanzu tatu na kofia moja kwenye kanga kuukuu, nikaenda.

Mapokezi mazuri. Binti wa kaunta alifungua furushi mbele yangu, akahesabu, akageuza kila kanzu nje ndani, na alipofika kwenye doa la chai lililo mkononi mwa ile ya rangi ya maziwa akalipiga picha kwa simu. "Ili kesho kutwa tusije tukabishana, baba." Hapo wamenipata. Kanzu 3,000, kofia 2,000, nguo nyingine wanapima kwa kilo. Siku mbili. Kila nguo ikabanwa kijikaratasi cha namba, nami nikapewa risiti.

Sasa wakati anabana vile vijikaratasi, mlango wa nyuma ukafunguka, ukatoka ule mvuke wa pamba iliyopata pasi. Nikasahau nimefuata nini.

Wa umri wangu hapa Unguja hawana haja ya kuambiwa Disemba 2009 kulitokea nini. Mwaka uliotangulia, 2008, tulishakaa gizani kama mwezi mzima, tukadhani tumeonja. Safari hii waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka Bara, uliolazwa tangu 1980, ulipata hitilafu upande wa Fumba, na umeme hatukuuona tena mpaka Machi 2010. Mahoteli yakawasha majenereta. Sisi wengine tukarudi kwenye chemli na vibatari. Pampu nazo zikasimama, mabomba yakakauka, kila mwenye kisima akageuka mtu mkubwa mtaani.

Mie nilikuwa nimetoka skuli, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo na kuzurura. Dobi wa mtaani kwetu Miembeni, mtu mzima ambaye sote tukimwita Ami, alikuwa na pasi mbili za umeme ambazo sasa hazikuwa na kazi ila kuzuia mlango usifungwe na upepo. Akaingia uvunguni, akatoka na pasi tatu za mkaa, zile zenye jogoo kwenye kishikizo, zimejaa kutu na utando wa buibui. Kilichobaki ni kijana wa kuteka maji na kupepea moto. Shilingi 2,000 kwa siku na wali wa mchana. Ndiyo kazi yangu ya mwanzo, na mpaka leo sijapata nyingine iliyonichosha vile.

Alfajiri kisimani na baiskeli, madumu manne ya lita 20, mawili huku mawili kule, unasukuma kwa miguu maana kupanda huwezi. Safari tatu kabla ya chai. Baadaye mkaa. Ami hakutaka mkaa wowote ila wa vifuu, akisema wa miti unarusha cheche na cheche haina adabu. Pasi ikishapata moto unaitembeza kwanza juu ya jani bichi la mgomba: jani linasafisha masizi na kuacha kautelezi. Halafu unachovya kidole majini, unadondosha tone kwenye chuma, unasikiliza. Tone likilia na kukimbia, pamba. Likikaa likachemka pale pale, vitambaa vyepesi. Ami hata hatazami; anakunywa kahawa yake na kuniambia, "Bado, pepea."

Vijikaratasi hatukuwa navyo. Kila nyumba ilikuwa na uzi wake, umeshonwa ndani ya shingo: mwekundu mafundo mawili, kijani fundo moja, mweusi bila fundo. Daftari lilikuwa kichwani mwa Ami.

Khasa iliponifika ni mwisho wa Februari, siku za Maulidi. Unajua tena Maulidi hapa kwetu, hakuna mwanamme anayetaka kutoka na kanzu yenye kunyanzi. Tulikuwa na kanzu zaidi ya 60 zimepangwa, usiku, chemli inatoa moshi, na mie usingizi unanivuta. Nikafunua pasi kupepea hapo hapo juu ya meza badala ya kutoka nje kama nilivyokatazwa mara mia. Kicheche kimoja. Tundu dogo kama punje ya mtama, kifuani, chini kidogo ya darizi. Hata leo nikiliwaza tumbo linakaza.

Ami hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alichomoa nyuzi mbili kutoka kwenye upindo wa ile ile kanzu, akavaa miwani, akakaa na sindano mpaka karibu na alfajiri akilisuka tundu, na alipomaliza sikuliona mpaka aliponishika kidole akakiweka juu yake. Halafu akasema, "Sasa ipeleke mwenyewe, na umwambie." Nikaenda. Mwenyewe alicheka. Mie nilitamani angenitukana.

Basi, turudi dukani. Alhamisi saa nne nguo tayari, kama walivyoahidi. Kanzu nimezikagua kwa ubaya, maana najua pa kuangalia: kwapani, ambako wapigaji wengi wanapita juu juu, na nyuma ya kola. Pote pamepigwa. Doa la chai limebaki kivuli ambacho sharti ukitafute. Harufu ya sabuni kidogo imezidi kwangu, lakini hilo ni pua yangu. Wallahi kanzu wanaziweza.

Kofia sasa. Kofia yenyewe ni ya mkono, ya marehemu baba, imeshonwa kitobo kimoja kimoja na mtu aliyechukua miezi. Wamenirudishia chapati. Imelazwa, imekunjwa katikati, imepigwa pasi na kuachwa na mstari unaopita utosini, na uwanga wa kopo umeziba vitobo vyote, ukiiinua juani huoni hata nukta ya mwanga. Binti akaniambia kwa upole, "Kofia zote tunazifanya hivi, baba." Namwamini. Kofia za kiwandani ukizilaza hazidhuriki, na nadhani ndizo wanazoletewa kila siku. Akamwita mkubwa wake, akaja, akaitazama, akanirudishia 2,000 bila ya maneno mengi. Nimeshaona maduka yanayokubishia mpaka unajiona mwizi wa nguo zako mwenyewe, kwa hiyo hili nalihesabu.

Nikatoka hapo mpaka Darajani kununua muhogo. Nikaukuna, nikaukamua, nikaacha maji yatuwame, uwanga mweupe ukakaa chini. Umepikwa mwepesi, mwepesi kuliko uji wa mgonjwa, na buluu kidogo, ncha ya kijiko tu. Kofia imeroweshwa kwanza kutoa ule uwanga wao, ikasuguliwa kwa mswaki laini, ikachovywa, ikavishwa kopo la maziwa ya unga. Nikakaa na sindano kupekecha vitobo kimoja kimoja kabla havijakauka. Nilidhani nimesahau. Mikono haikunisubiri nikumbuke. Mama watoto alipita na chai, akasimama kidogo, akaiacha chai pembeni yangu.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza: kanzu, mashuka, suruali, wapelekeeni, nyota nne bila ya wasiwasi. Kofia ya kiwandani pia. Kofia ya mkono msiwape, au muwaambie kabisa isilazwe, na muandikishe kwenye risiti. Ijumaa wanafunga kuanzia saa tano na nusu mpaka baada ya sala, msifike mkakuta mlango. Na nendeni na henga zenu, zao ni nyembamba na zinaacha pembe mabegani. Kanzu moja nimelazimika kuirudia mabega, kwa pasi ya umeme, jioni ile ile, huku kopo likiwa limeganda ndani ya kofia na watoto wakilipigapiga kitako litoke.