Biskuti za jibini: ununue jibini ipi?

Ukitaka kuoka biskuti za jibini nyumbani, hela yako ielekeze kwanza kwenye jibini. Unga wa ngano wa kawaida unatosha, na siagi yoyote halisi inafaa. Jibini ndiyo inayoamua kama biskuti itakatika kwa mlio au italegea mkononi. Kinachotofautisha jibini na jibini hapa ni maji: yenye maji mengi hutoa mvuke ndani ya oveni, na biskuti inabaki laini.

Namba moja: Cheddar iliyokomaa. Chagua iliyokaa miezi 9 au zaidi. Ukiikata, humeguka badala ya kunyumbulika, na ukali wake unausikia pembeni mwa ulimi. Wakati mwingine utaona chembe nyeupe ndogo zinazosagika menoni. Si ukungu wala si chumvi, ni dalili ya ukomavu, kwa hiyo usiitupe. Ina mafuta ya kutosha na ladha isiyopotea kwenye moto.

Namba mbili: Parmesan. Ile ya asili ya Italia, Parmigiano Reggiano, hukomazwa miezi 12 au zaidi, hivyo ni kavu sana. Lakini ni ghali na ina chumvi nyingi, kwa hiyo mimi huichanganya: fungu moja la Parmesan kwa mafungu matatu ya Cheddar. Mchanganyiko huo naupenda kuliko yote.

Namba tatu: Gouda iliyozeeka, yenye utamu wa mbali kama sukari iliyoungua. Gouda changa iache.

Namba nne: Cheddar changa. Inafaa ukikosa nyingine, ila iongezee pilipili ya unga na haradali kidogo, la sivyo biskuti zitapooza.

Mozzarella usinunue kwa kazi hii. Karibu nusu yake ni maji. Vipande laini vya jibini vya kuweka kwenye sandwichi navyo havifai, maana ladha yake ni hafifu mno. Jibini iliyokwanguliwa tayari kwenye pakiti inarahisisha kazi, lakini soma viungo: mara nyingi hupakwa wanga au selulosi (unga wa nyuzi za mimea) isigandamane, na ladha yake hupungua upesi. Nunua kipande kizima, ukikwangue mwenyewe kwa matundu madogo.

Kwa vifaa, ukiweza kununua kimoja tu, nunua mizani ya jikoni. Pima unga gramu 150, siagi baridi gramu 100 na jibini gramu 100. Kipande cha gramu 200 basi kinakutosha kuoka mara mbili. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja jibini yenyewe. Vikata maumbo si lazima: viringisha donge liwe kama gogo, lilaze kwenye friji dakika 30, kisha kata kwa kisu vipande vya milimita 5.

Trei nzito ya alumini yenye rangi ya kung'aa ndiyo bora. Trei nyeusi hufyonza joto na kuunguza chini kabla juu hakujaiva. Kama ndiyo uliyo nayo, shusha moto kutoka nyuzi 180 hadi 165. Oka dakika 12 hadi 15, mpaka kingo ziwe za dhahabu. Zikitoka zitakuwa laini bado, usiziguse. Ziache kwenye trei dakika 5, zitakauka zenyewe.