Rivyu: PDB na OPM, kwa anayetaka kuona mafuta na protini zinavyoshikana kwenye utando wa seli

Walimu wenzangu wa bailojia, na nyie wanafunzi wa tahasusi za PCB, CBG na mwaka wa kwanza wa udaktari, leo nataka niongelee huduma mbili za bure za mtandaoni ambazo kwa maoni yangu yeyote anayefundisha au kusoma utando wa seli azijue. Ya kwanza ni PDB, yaani Protein Data Bank, mimi naingilia mlango wa Marekani wa RCSB. Ya pili ni OPM, yaani Orientations of Proteins in Membranes, ya Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa mada hii PDB naipa nyota nne, OPM naipa tano, na kama una muda wa kufungua moja tu basi fungua OPM, nitaeleza kwa nini.

PDB ni ghala la maumbo ya protini. Lilianza 1971 pale Brookhaven, maabara ya Marekani, likiwa na maumbo 7, na mwanzoni mwa 2023 likavuka laki mbili. Hulipi kitu, hujisajili, huombi ruhusa ya mtu, data zote ziko wazi utumie utakavyo. Kila umbo lina namba yake ya alama nne, tarakimu na herufi, unaiandika kwenye sehemu ya kutafuta, unabonyeza 3D, programu ya Mol* inafunguka humohumo kwenye brauza unaanza kuizungusha protini kwa kidole. Kuna pia ukurasa wa Molecule of the Month ambao David Goodsell aliuanzisha mwaka 2000, michoro yake ni mizuri mno na maelezo ni mafupi, mwanafunzi wa fomu siksi anayafuata vizuri tu kama Kiingereza chake kiko sawa.

Sasa tuje kwenye utando. Vitabu vyetu vingi bado vinachora ule mfano wa Singer na Nicolson wa 1972, protini zinaelea kwenye bahari ya mafuta, na ni mfano mzuri tu ila mwanafunzi anaondoka akijua mafuta ni ya kujaza nafasi, kazi zote zinafanywa na protini. Ukienda PDB ukafungua protini ya utando hali inakuwa ngumu zaidi, maana mara nyingi mafuta hayapo kabisa! Protini inaning'inia peke yake kama shati kwenye kamba. Na kweli imefuliwa, kwa sababu ili uitoe kwenye utando lazima utumie sabuni za maabara na hizo sabuni zinabeba mafuta mengi, halafu hata yanayobaki mikia yake inacheza sana kiasi kwamba kwenye eksirei au kraiyo-EM (hadubini ya elektroni inayopiga picha sampuli iliyogandishwa) haionekani vizuri. Kwa hiyo ile nafasi nyeupe pembeni ya protini usiisome kama hakuna kitu. PDB wanaweka kile ambacho watafiti wamekiona, hilo ni sahihi kabisa, ila mwanafunzi asipoambiwa anadhani protini inaelea kwenye maji.

Ndo maana nasisitiza uchague namba zako vizuri. Fungua 2RH1. Hii ni resepta, yaani protini inayopokea ujumbe, ya adrenalini aina ya beta 2, ileile ambayo salbutamol ya inhela ya pumu inaishika, umbo lake lilitoka 2007 na kazi ya resepta hizi ikampa Brian Kobilka Nobel ya 2012 pamoja na Robert Lefkowitz. Ndani ya 2RH1 kuna molekyuli za kolestro zimelala ubavuni mwa protini, zitafute kwa jina CLR, na kuna asidi ya palmitiki imefungwa kabisa kwenye sisteini (asidi amino) moja ya protini, yaani mafuta yameshikizwa kwa kifungo cha kemia. Tahadhari moja, upande wa ndani ya seli utaona donge jingine la protini, hilo ni laisozaimu ya kirusi cha T4, lilipachikwa makusudi ili fuwele zipatikane, mwilini halipo, waambie wanafunzi mapema kabla hawajaanza kulichora kwenye daftari.

Halafu sasa 5IRZ, hii ndo kipenzi changu. Ni TRPV1, chaneli (protini yenye tundu la kupitisha ayoni) inayofanya pilipili ikuchome, na joto la kama nyuzi 43 kwenda juu nalo linaifungua, ndo sababu pilipili tunaisikia kama moto. Maabara ya David Julius iliitambua jeni yake 1997 na Julius akapata Nobel ya 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Uzuri wa 5IRZ ni kwamba watafiti hawakuiacha protini kwenye sabuni, waliirudisha kwenye kisahani kidogo cha mafuta kilichozungushiwa mkanda wa protini, wanakiita nanodisiki, wakapiga picha kwa kraiyo-EM, matokeo yakatoka 2016. Walichokuta ni kwamba kile kishimo ambacho kapsaisini ya pilipili inaingia, pilipili isipokuwepo kinakaliwa na molekyuli ya mafuta, fosfatidilinositoli! Pendekezo lao ni kwamba hayo mafuta yakikaa pale chaneli inabaki imefungwa, na kitu kama kapsaisini kikija kikayasukuma yatoke ndo mlango unafunguka, kalisiamu na sodiamu zinaingia kwenye neva na wewe unatafuta maji. Yaani mafuta yamekaa kwenye swichi kabisa. Mwanafunzi akishaiona hii kwa macho yake ukimwambia lipidi, yaani hayo mafuta, zinaongoza kazi za protini hakuulizi tena "kivipi".

Ukitaka nyingine fungua 2B6O, akwaporini 0, chaneli ya maji kutoka lenzi ya jicho la kondoo, ya 2005, pale utaona mafuta yamejipanga kuizunguka protini, mikia yake imejikunja kufuata mabonde ya ubavu wake. Chache sana zinaonyesha hivyo.

Haya, OPM. Hawa wanachukua maumbo kutoka PDB, wanapiga hesabu ya nishati ya kuihamisha protini kutoka kwenye maji kuingia kwenye mafuta, kisha wanakuwekea protini ikiwa imesimama sawasawa ndani ya utando. Mipaka ya sehemu ya mafuta inachorwa kwa vitone, vyekundu ni upande wa nje, vya bluu ni upande wa ndani. Wanakupa pia unene wa sehemu inayochukia maji na kiasi ambacho protini imeinama. Hapo ndipo somo linapokaa, maana unaona mwenyewe kwamba katikati ya vitone hivyo kumejaa asidi amino za leusini, valini, isoleusini na fenilalanini ambazo zinapatana na mikia ya mafuta, pale mpakani triptofani na tairosini zinapenda kukaa, na lisini na ajinini zenye chaji chanya zimezidi upande wa bluu. Linganisha pia protini za utando wa kawaida, unene kama angstromu 30 (angstromu 10 ni nanomita 1), na zile za utando wa nje wa bakteria, kama angstromu 24, utaona protini imetengenezwa kulingana na unene wa mafuta yake, na mahali visipolingana kitu kimoja lazima kijipinde, ama mafuta yajinyooshe au protini iiname.

Ila mjue mipaka ya OPM, vile vitone ni hesabu, hazikuchorwa molekyuli za mafuta zenyewe, na utando unaonyeshwa kama kitu kisicho na aina tofauti za lipidi wakati kwenye seli halisi kuna kolestro, kuna fosfatidilsirini iliyofichwa ndani, kuna kadiolipini kwenye mitokondria. Kwa hiyo OPM inakuambia protini inakaa wapi, PDB inakuambia ni mafuta yapi yameshikwa na wapi, ndo maana nazitumia zote.

Kuhusu matumizi yenyewe: kurasa zote ni za Kiingereza, hilo mwalimu ujiandae kutafsiri. Simu yenye RAM ndogo itasumbuka na protini kubwa kama TRPV1, anza na 2RH1, au tumia laptopu. Kama shule haina intaneti ya kueleweka pakua faili nyumbani, faili la OPM ni maandishi tu na vile vitone vimo humohumo kwa jina DUM, unalifungua kwenye ChimeraX, programu ya kuangalia maumbo ya protini ambayo kwa elimu ni bure, unawasha projekta na kipindi kinaenda bila bando, na faili lenyewe ni dogo kiasi cha kuwatumia wanafunzi kwenye grupu la WhatsApp jioni wakaangalie wenyewe.