Lunt ya milimita 50: mambo yote kwenye pistoni

Haya wapenzi wa jua, leo mezani ipo darubini ya jua ya Lunt, ya milimita 50. Kipenyo, urefu wa fokasi, hayo mnayajua, tuyaruke. Mimi nataka hii hapa pembeni, pistoni ya hewa. Raha tupu!

Tazameni. Naifungua mpaka inatoka kabisa, hewa ya ndani ilingane na ya nje. Uwe Arusha uwe Tanga, anza hivyo, maana shinikizo la hewa halifanani. Nairudisha, nazungusha polepole. Hewa ikibanwa, kile kidirisha chembamba cha etaloni, yaani kichujio kinachopitisha kipande kidogo mno cha rangi, kinahamia upande mwekundu. Ukilegeza, kinarudi bluu. Tunakitaka kisimame kwenye nanomita 656.28, mstari mwekundu wa haidrojeni.

Utajuaje kimefika? Jicho huzoea haraka, usilitegemee. Funga kamera ya mono (nyeusi na nyeupe), geini (unyeti wake) na ekspoja (muda wa kupokea mwanga) usiziguse tena, lenga katikati ya jua, halafu kodolea histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha. Inashuka... inashuka... hapo! Sasa inapanda. Rudi pale chini kabisa: haidrojeni inameza mwanga mwingi zaidi hapo, ndiyo katikati ya mstari. Oneni nyuzi nyeusi za gesi zilivyokolea. Ila kiwingu kikipita, histogramu nayo itashuka, rudia upya.

Nikisogea angstromu 0.1 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita), hiyo ni sawa na gesi inayotujia au kutukimbia kama kilomita 4.6 kwa sekunde. Kwa hiyo uzi unaotujia utauona vizuri upande wa bluu.

Sasa usiguse pistoni, upeleke uzi uleule kwenye kona nne za picha. Ukififia konani, hapo ndipo uwezo wa etaloni yako unapoishia.

Zile etaloni zinazorekebishwa kwa kuinamisha? Nusu ya jua imekolea, nusu imepauka. Za kupashwa moto ni kali, lakini unataka umeme, na kila ukibadilisha unangoja dakika kadhaa. Hii papo hapo.

Histogramu ikihama yenyewe bila wingu, shuku uvujaji. Toa pistoni, futa oringi (pete ya mpira inayoziba hewa), paka grisi ya silikoni kiduchu.

Etaloni ya pili inashusha upana wa kidirisha toka kama angstromu 0.7 hadi karibu 0.5, na mfuko unashuka nao, jamani! Kama ndimi za gesi ukingoni zinakutosha, baki na moja.

Jumamosi tuko mubashara na kalisi K, mstari wa zambarau wa kalisi, nanomita 393.4. Atakayefuata na darubini yake, akague kwanza kwa tochi kichujio cha kuzuia, kile kinachokata mwanga usiotakiwa. Kikiwa na ukungu au ufa, asiweke jicho.