Hadubini ya Watoto ya Shilingi 55,000: Tathmini Baada ya Miezi Saba Jikoni Kwetu Mbeya

Hadubini hii niliinunua mwezi Machi katika duka dogo la vifaa vya shule na vichezeo karibu na soko la Mwanjelwa, kwa shilingi 55,000 baada ya muuzaji kunipunguzia 5,000. Yeye aliiita darubini, kama wengi wetu tunavyoiita, ingawa darubini ni ya kutazama vilivyo mbali na hadubini ni ya kutazama vilivyo vidogo. Niliinunua kwa sababu moja ambayo sioni haya kuieleza. Nilipokuwa sekondari, hadubini niliijua kwa mchoro uliochorwa ubaoni. Tulikariri majina ya sehemu zake zote, tukayajibu kwenye mtihani, na nikamaliza kidato cha nne bila kuweka jicho langu kwenye lenzi hata mara moja. Nilipoiona dukani ikiwa ndani ya boksi lenye picha ya mtoto anayetabasamu, sikutaka wanangu wawili, binti wa miaka 9 na kaka yake wa miaka 12, waipate elimu hiyo kwa njia niliyoipata mimi.

Ndani ya boksi kuna mwili wa plastiki wenye lenzi tatu za kuzungusha zilizoandikwa 100, 400 na 1200, yaani mara ambazo kitu kinadaiwa kukuzwa, taa ndogo inayotumia betri mbili za kawaida, kioo cha kuakisi mwanga endapo betri zitaisha, kibano, slaidi (vibamba vya kuwekea kitu kinachotazamwa) kadhaa tupu na nyingine chache zilizokwisha kuandaliwa kiwandani. Maelezo ya matumizi yameandikwa kwa Kiingereza na Kichina tu. Hakuna hata sentensi moja ya Kiswahili, na hili ni pungufu kubwa kwa kifaa kinachouzwa kwa watoto ambao masomo yao ya msingi wanayapata kwa Kiswahili. Ilinibidi nikae na mwanangu jioni nzima nikimtafsiria.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulielewa ni ile namba 1200, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi na ndiyo inayowafanya watu watoe fedha. Ukuzaji peke yake hauna maana kama lenzi haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana. Mjerumani Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe una mpaka: vitone viwili vilivyokaribiana zaidi ya takriban sehemu moja ya elfu tano ya milimita vitaonekana kama kimoja, hata ukivikuza namna gani. Ndiyo maana hata hadubini nzuri za maabara, zenye lenzi za kioo na zinazotumia tone la mafuta kati ya lenzi na slaidi, huishia karibu na mara 1000 kwa ukuzaji wenye manufaa. Lenzi ndogo ya plastiki haiwezi kufika huko. Tulipoizungusha ile ya 1200 tuliona giza lenye ukungu, na binti yangu akadhani ni yeye asiyejua kutazama. Nilisikitika sana kwa hilo, kwa sababu mtoto akishindwa mara ya kwanza huamini kwamba kosa ni lake. Kwa hiyo nashauri muanze na lenzi ya 100, mbaki nayo kwa wiki kadhaa, na mwende kwenye 400 mkiwa na subira. Kwa lenzi ya 100 peke yake, fedha yangu imerudi.

Jumamosi ya kwanza tulianza na chumvi. Punje zilionekana kama vivuli vyeusi visivyo na sura, kwa kuwa taa ya hadubini hii hupiga kutoka chini na punje nzito huizuia. Kijana wangu ndiye aliyechukua tochi ya simu akaielekeza kwa pembeni, juu kidogo ya slaidi, na hapo kila kitu kikabadilika. Punje zikang'aa, zikawa na kuta na kingo zilizonyooka. Binti yangu alitazama kimya kwa muda, kisha akasema: "Baba, kumbe chumvi ina kona!" Baadaye tulikoroga chumvi kwenye maji ya moto, tukadondosha tone moja kwenye slaidi, tukaliacha dirishani likaukie juani huku tukilitazama kila baada ya dakika chache. Ukingoni mwa tone vilianza kujitokeza vijiboksi vidogo vya mraba, kimoja kikikua pembeni ya kingine, kila kimoja kikiwa na pembe zake nne. Sukari iliyokauka haifanyi hivyo. Punje zake zina umbo la mshazari, na watoto waliligundua hilo wenyewe bila mimi kuwaambia.

Kitu kilichonifurahisha zaidi, hata hivyo, kilitokana na chakula chetu cha kila siku. Ukikata kiazi mviringo na kukwangua kwa ncha ya kisu pale kilipokatwa, unapata maji meupe mazito. Tone lake likiwekwa kwenye slaidi kwa lenzi ya 100 linaonyesha vidonge vingi mviringo vinavyofanana na mayai, vikubwa kwa vidogo vikiwa vimechanganyika. Hiyo ni wanga. Kwa tone la iodini, ambayo huuzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda, vidonge hivyo hugeuka kuwa rangi ya samawati iliyokolea hadi karibu na nyeusi. Kisha tuliloweka mchele wa Kyela, tukautwanga na kuweka tone la maji yake pembeni. Tuliona vumbi tu. Nilieleza kwamba punje za wanga ya kiazi ni miongoni mwa kubwa kuliko zote katika mazao ya chakula, nyingine zikikaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, ilhali za mchele ni miongoni mwa ndogo kabisa, chini ya sehemu moja ya mia. Watoto wamekula wali na viazi tangu wakiwa wadogo. Siku hiyo walivijua upya, na mama yao aliyekuwa akimenya viazi vya chakula cha mchana aliacha kisu akaja kutazama naye.

Sitaki kuwachosha wasomaji kwa kila kitu tulichokiweka chini ya lenzi. Ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu huonyesha seli zilizopangwa kama matofali ya ukuta, na iodini hukifanya kiini cha kila seli kionekane. Picha ya gazeti, ikimulikwa kwa tochi kutoka juu, husambaratika na kuwa vitone vya rangi. Jani changa la chai ambalo mjomba wao alituletea kutoka Tukuyu lina vinyweleo vya rangi ya fedha upande wa chini, jambo ambalo mimi, niliyepita katikati ya mashamba ya Rungwe mara nyingi, sikuwa nalifahamu.

Kitambaa kinastahili maelezo zaidi. Mke wangu alikuwa amenunua kitenge alichoambiwa ni pamba tupu, na watoto wakachomoa uzi mmoja kwenye pindo lake, wakaupasua kwa sindano hadi kubaki nyuzinyuzi. Nyuzi za pamba, zikikuzwa, ni bapa na zimejisokota kama utepe. Zile za viwandani ni laini na zimenyooka kama vijiti vya kioo. Katika uzi ule zilikuwamo za aina zote mbili. Niliwaeleza kwamba Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi wa mji wa Delft, alikuwa muuza vitambaa, na kwamba wauza vitambaa wa zama zake walitumia lenzi kukagua nyuzi za bidhaa zao. Yeye akatengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo lakini bora kuliko za watu wengine, na katika miaka ya 1670 akawa mtu wa kwanza kueleza viumbe wadogo waliomo ndani ya tone la maji. Hadubini zake zilikuwa na lenzi moja tu. Kijana wangu aliuliza mara moja kama nasi tunaweza kuwaona viumbe hao, na maji yaliyotuama kwenye ndoo nyuma ya nyumba yakatupatia jibu: vitu vidogo vikipita kwa kasi, vikigeuka, vikitoweka nje ya duara la mwanga. Tangu siku hiyo sijalazimika kumkumbusha mtoto yeyote kunywa maji yaliyochemshwa.

Bibi jirani yetu alikuja jioni moja akiwa na mahindi yaliyobunguliwa. Tulimweka fukusi mmoja kwenye slaidi, tukamulika kwa tochi. Mdudu mzima haenei kwenye duara la lenzi ya 100, hivyo bibi aliona kichwa tu na mdomo wake mrefu uliochongoka kama mkonga. Aliinua uso akasema: "Mwanangu, kumbe ndiye huyu anayenitoboleaga mahindi!" Kisha akatazama tena kwa muda mrefu kuliko mtoto yeyote.

Sasa nieleze kasoro nilizokutana nazo. Meza ndogo ya kuwekea slaidi inalegea, na ukiigusa kidogo unachokitazama kinakimbia. Gurudumu la kulengea lina ulegevu, kwa hiyo ni lazima ulizungushe polepole mno, na mwezi wa nne lilikwama hadi nilipolifungua na kulisafisha vumbi. Slaidi za plastiki huchubuka haraka; nimezibadilisha kwa za kioo, ambazo zinahitaji uangalizi wa mtu mzima kwa sababu huvunjika. Baridi ya mwezi Juni na Julai nayo ina shida yake, kwani pumzi ya mtoto hufunika lenzi ya juu kwa ukungu; tumezoea kuifuta kwa kitambaa laini cha pamba. Mtoto wa chini ya miaka 7 hupata taabu kufumba jicho moja, na hilo tulilitatua kwa kipande cha boksi kilichotobolewa tundu na kuvishwa kwenye lenzi ili kilizibe jicho la pili. Simu ikishikiliwa kwa utulivu juu ya lenzi hupiga picha zinazoridhisha, na hapo watoto watano wanaweza kutazama kwa pamoja.

Onyo moja ni la lazima. Kile kioo cha kuakisi kisielekezwe kwenye jua hata kidogo, kwa kuwa mwanga wake uliokusanywa na lenzi unaweza kumharibu mtoto jicho kabisa. Kielekezwe kwenye anga jeupe au ukuta mweupe, na vema zaidi mtumie taa.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 8 hadi 13, na mwenye nafasi ya kukaa naye walau saa moja kwa wiki, naipendekeza kwa moyo wote. Kwa mzazi anayetaka kumwachia mtoto aichezee peke yake siipendekezi, kwani bila mtu wa kumsaidia kulenga na kumulika itaishia juu ya kabati. Kwa mwalimu anayefikiria kununua kadhaa kwa ajili ya darasa, ningemshauri atafute moja imara yenye lenzi za kioo, hata ikiwa bei yake ni mara tatu ya hii.

Ile lenzi ya 1200 tumeifunika kwa selotepu ili asiizungushe mtu kwa bahati mbaya. Binti yangu ana daftari la michoro lililofikia ukurasa wa 31, na ukurasa wa 32 ameuandika kichwa tayari: ua la pareto, ambalo bibi jirani ameahidi kumletea kutoka Umalila akienda kuwasalimia wajukuu.