Kalavati la chuma kama handaki la kujihifadhi: uzoefu wangu hapa Kentucky

Kwa sisi tunaoishi Bowling Green, mji wa jimbo la Kentucky, Marekani, ambako kimbunga cha tonado cha Desemba 2021 kilipiga usiku watu wamelala, handaki nyumbani si anasa. Bidhaa ninayoipima ni kalavati la barabarani, bomba kubwa la kupitishia maji chini ya barabara: bati la mawimbi lenye unene wa geji 12 lililopakwa zinki, kipenyo futi 8, urefu futi 20. Ukilipata kwa mkandarasi aliyebakiwa nalo, bei hushuka sana. Ninalipatia nyota nne kati ya tano.

Wengi hukimbilia kontena kwa sababu ni rahisi. Tafadhali, usilizike. Kontena hubeba mzigo kwenye nguzo zake nne za pembeni. Paa lake hupimwa kwa kilo 300 tu juu ya eneo dogo, na ukilifunika kwa mita moja ya udongo umelitwisha zaidi ya tani 25. Kuta nazo husukumwa ndani mvua ya kwanza ikilowesha udongo. Kalavati ni duara, kwa hiyo udongo unaolibana ndio huohuo unaolishikilia.

Ila hilo ni kweli ikiwa umefukia sawasawa. Mwaga kokoto ndogo chini inchi 6, laza kalavati, kisha rudisha udongo kwa matabaka ya inchi 8, kushoto na kulia kwa zamu, kila tabaka ukilishindilia. Ukijaza upande mmoja kwanza, kalavati linahama au linakuwa yai. Sehemu ya chini ya ubavu, pale mashine isipofika, shindilia kwa mkono; wanaoharakisha hapo ndio wanaoona bati limebonyea baadaye. Mawe makubwa yasiguse chuma.

Kabla ya kuchimba piga simu namba 811, ni bure, waje waweke alama panapopita mabomba ya gesi na nyaya za umeme chini ya ardhi. Chimba pia shimo la majaribio: ardhi yetu ni ya chokaa yenye mapango, ileile iliyomeza magari manane ya makumbusho ya Corvette mwaka 2014. Asishuke mtu kwenye shimo la zaidi ya futi 5 lenye kuta zilizosimama wima. Zilaze kwanza, kwani udongo ukiporomoka haumpi mtu nafasi ya kupanda.

Maji ndiyo adui mkubwa. Kalavati hili likizungukwa na maji husukumwa juu kwa nguvu ya takribani tani 27, na futi 3 za udongo uliolowa hazitoshi kulizuia. Weka bomba lenye matundu ndani ya kokoto chini kabisa, lielekee bondeni. Mahali pasipo na mteremko, weka kishimo na pampu yenye betri.

Ncha zifungwe kwa bamba la milimita 6 lenye mbavu za chuma, maana bamba tupu huvimbia ndani. Hewa inahitaji mabomba mawili ya inchi 4, moja likiishia karibu na sakafu, la pili darini upande wa pili, yote yakiwa na shingo iliyopinda na wavu. Jenereta na jiko la mkaa visiingie kabisa. Mlango wa pili wa kutokea ni lazima, na jeki ikae ndani, kwa sababu mti ukiangukia mfuniko wa mlango wa kuingilia hamtausukuma kwa mikono.

Nyota niliyopunguza ni ya unyevu. Kiangazi, hewa ya joto ikiingia hukutana na chuma baridi na matone huanza kudondoka kwenye kila wimbi la bati. Siku hizo ziba mabomba kama hakuna mtu ndani, washa mashine ya kukausha hewa.

Kuhusu kulificha: tenga udongo wa juu urudi juu, uache umeinuka kidogo kwa sababu utatitia. Bila udongo wa kutosha, nyasi za hapo hukauka mapema Julai na umbo zima huonekana. Jirani asijue, sawa, lakini kikosi cha zimamoto kipewe mahali halisi pa mfuniko, na ndugu mmoja anayeishi mbali pia.